Kupatana Bei na Kupatana na Ndugu



Katika Kiswahili chetu lipo neno linalotumika sokoni na kanisani pia. Sokoni tunasema kwamba mnunuzi na muuzaji wamepatana bei. Kanisani tunasema kwamba mwenye dhambi amepatanishwa na Mungu, na kwamba ndugu wawili waliokuwa wamegombana wamepatana. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona vibaya kuliweka neno hilo mahali pote pawili. Leo tunapenda kuwashirikisha tafakari iliyotokana na moteri moja kuukuu ya umeme. Katika kuitengeneza tulijifunza maana ya neno hilo kuliko tulivyotazamia, tena kwa aibu.

Parokia yetu ina mashine ya kusagia mahindi na mihogo mikavu. Akina mama wa mtaa huja asubuhi na mabeseni yao, huondoka na unga wa bukari, na ada ndogo wanayoitoa husaidia wagonjwa na wajane wa jumuiya zetu. Moteri inayoiendesha mashine hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Kibati chake bado kinasomeka: kilowati 4, volti 380, mizunguko 1,430 kwa dakika. Ilianza kunguruma, kisha ikawa inapata moto kupita kiasi, na asubuhi moja ikatoa moshi wenye harufu ya vanishi iliyoungua. Fundi alipoifungua alituonyesha chanzo. Beringi, yaani zile pete za chuma zenye gololi ndani zinazoshikilia shafti, zilikuwa zimelika. Shafti ikayumba, rota ikasugua mahali isipopaswa kugusa, na waya za shaba zikaungua. Alitaka tumletee beringi mbili za namba 6206 na kilo nne za waya wa shaba, naye angeisuka moteri upya. Moteri mpya ilikuwa nje kabisa ya uwezo wetu.

Anayeishi Kolwezi hashangai kuona vipuri vya zamani vimetandazwa chini kwenye turubai. Mji huu ulizaliwa na shaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa katika mto Lualaba miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 umeme wa Inga ulifika hapa kwa waya zilizovuka nchi kilomita zipatazo 1,700. Palipo na umeme na migodi pana moteri: za pampu, za feni, za vinu, za mikanda ya kubebea mawe. Vizazi vya mafundi walizifungua na kuzifunga, kwanza katika karakana za Union Minière, kisha katika zile za Gécamines tangu mwaka 1967. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, ujuzi wao uliingia mitaani. Wengine walifungua karakana ndogo barazani mwa nyumba zao. Ndiyo maana hata leo kijana wa hapa akitafuta kipuri huelekezwa kwanza kwa mzee fulani, halafu sokoni, na dukani mwisho kabisa.

Lipo jambo moja linalotufanya tucheke kwa uchungu. Shaba hutoka ardhini chini ya miguu yetu, husafiri ikiwa mabamba hadi ng'ambo, kisha huturudia ikiwa waya mwembamba tunaoununua kwa kilo, kwa bei inayotushinda. Kwa hiyo siku tulipokwenda sokoni tulikwenda tukiwa na madai moyoni. Tulijiona kuwa watu waliokwisha kupunjwa, na mtu anayejiona hivyo ni mwepesi kusamehe makosa yake mwenyewe.

Kwanza tulimkuta mvulana wa miaka 13 au 14, ameketi nyuma ya debe la bati. Ndani ya debe mlikuwa na bisibisi, fyuzi za zamani, na vipande vya karatasi yenye mafuta. Tulifungua karatasi moja, na humo tukakuta beringi mbili. Namba ilikuwa 6206. Grisi ya kiwandani ilikuwa bado juu yake, wala hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja mahali ambapo shafti huingia. Zilikuwa hazijatumika kamwe.

"Ni vitu vya babu, yaya," mvulana alisema. "Alikuwa fundi wa umeme. Zimetumika lakini bado zinazunguka."

Alidhani zimetumika. Sisi tulijua hazikutumika. Asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumetajiwa franka 70,000 dukani kwa jozi mpya. Mvulana alitaka 15,000. Tulicheka. Tukamwambia kwamba grisi imekauka, kwamba karatasi imeoza, kwamba vitu vya kukaa miaka mingi ndani ya bati huwa vimekufa, na kwamba tungezinunua kwa kubahatisha tu. Tuliziweka chini, tukaondoka hatua kumi, tukarudi. Alishuka hadi 10,000, kisha hadi 6,000. Tulilipa na kuondoka tukipongezana.

Mwisho wa soko tulimpata muuzaji wa waya. Huyu hakuwa mtoto. Alituonyesha mzingo uliong'aa rangi ya shaba, akasema ni kilo nne kamili. Hakuwa na mzani, nasi hatukuuulizia, kwa kuwa tulikuwa bado na furaha ya ushindi wa kwanza. Tulibishana naye kwa nusu saa, akapunguza bei kwa manung'uniko makubwa, akasema tumemfilisi. Tulimlipa karibu fedha zote zilizobaki.

Fundi aliupokea mzingo ule, akaupima kiganjani, akanyamaza. Kisha akasema kwamba kilo nne za shaba hazibebwi kwa mkono mmoja namna hiyo. Alichukua tupa, akasugua ncha ya waya, akatuonyesha. Ndani ulikuwa mweupe. Ulikuwa waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi tu ikilinganishwa na shaba, basi moteri ikisukwa kwa waya huo wenye unene uleule hupata joto upesi na kuungua tena. Tulipandwa na hasira. Tulimwita yule mtu mwizi, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Fundi alipozichukua beringi uso wake ulibadilika. "Hizi ni mpya kabisa," alisema. "Mmezitoa wapi?" Tukamsimulia, na tulikuwa bado na nguvu ya kucheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliziweka juu ya meza polepole, akasema: "Basi kumbe wezi leo walikuwa wawili."

Wapendwa vijana, maneno hayo tuliyabeba hadi kwenye mkutano wetu, na huko hatukupatana upesi. Tunawaeleza mabishano yetu kwa uaminifu, kwa sababu tunaamini kwamba ninyi pia mtayasema yaleyale.

Wa kwanza walisema kwamba kupatana bei ni desturi yetu, wala si dhambi. Hapo tulikubaliana nao, na tunakubaliana nao hata sasa. Bei iliyobandikwa kwenye bidhaa haitudai neno lolote, lakini bei ya kupatana hutudai tusalimiane, tuketi, tuulizane habari, tusikilizane. Ibrahimu baba yetu katika imani alizungumza na Efroni Mhiti mbele ya wazee wa mji juu ya shamba la kumzikia Sara, kama tunavyosoma katika sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo, na mwishowe akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Hapakuwa na haraka wala siri. Kila mmoja alijua shamba ni lipi, pango ni lipi, na miti iliyomo ni ipi. Kwa hiyo swali letu halikuwa juu ya kupatana. Swali lilikuwa kama sisi na yule mvulana tulipatana kweli, ikiwa sisi tulijua kinachouzwa naye hakujua.

Wa pili walisema: "Alikubali mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono." Neno hili ni lenye nguvu, kwa sababu ndilo tunaloambiwa sisi wenyewe. Mchimbaji anayefika na gunia lake mahali pa kuuzia madini hukuta mzani si wake, na kifaa cha kupimia ubora wa mawe si chake. Huambiwa uzito, huambiwa kiwango, huambiwa bei, naye hukubali kwa sababu jioni watoto wanangoja. Je, tunasema kwamba amepatana bei? Hapana, tunasema ameonewa. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha juu ya mishahara kwamba makubaliano peke yake hayatoshi. Mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu, hapo haki imevunjwa hata kama ametia sahihi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba tendo la kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Kama ni kosa kupandisha bei kwa njia hiyo, ni kosa pia kuishusha kwa njia hiyo. Hatuwezi kuwa na mzani mmoja kwa mchimbaji na mzani mwingine kwa mtoto wa debe. Nabii Amosi, katika sura yake ya 8, aliwakaripia watu waliokuwa wakingoja sabato iishe ili warudi kwenye vipimo vyao vya udanganyifu. Tulizoea kumsoma Amosi tukiwafikiria wengine.

Wa tatu walisema kwamba ujuzi wetu una haki yake. Tumejifunza kusoma namba za beringi na kutambua kipuri kizuri, je, tusipate faida ya kujua? Swali hili lilitupeleka kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha Summa, swali la 77, anazungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Anakiri kwamba bei ya haki haikuwekwa kwa kipimo cha unywele, na kwamba tofauti ndogo haivunji haki. Lakini analeta mfano uliotunyamazisha. Anasema kwamba mtu akiuza dhahabu huku akidhani ni shaba ya njano, na mnunuzi anajua ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua pasipo haki, na anadaiwa kurudisha. Mwalimu huyo wa karne ya 13 alikuwa kama ameketi karibu na debe letu la bati. Tukatambua tofauti. Hatulazimiki kumweleza muuzaji ni kiasi gani tulicho nacho mfukoni, wala kwamba jirani yake anauza ghali zaidi. Lakini kitu chenyewe ni nini, na ni kizima au kibovu, hilo halipaswi kufichwa na yeyote. Muuzaji wa waya alificha kwamba shaba si shaba. Sisi tulificha kwamba kipya ni kipya. Kosa ni moja, limegeuzwa upande tu.

Mfalme Solomoni naye, katika sura ya 20 ya Methali, anamtaja mnunuzi anayekiponda kitu akisema ni kibaya, kisha akienda zake hujisifu. Ni mstari mfupi, wa 14, ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona. Tulipousoma pamoja hakuna aliyesema neno kwa muda.

Hoja ya nne ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na tunakiri kwamba si wote waliokubali jibu letu. Ndugu mmoja alisema: "Akina mama wanaokwenda sasa kusaga mbali, na beseni kichwani na mtoto mgongoni, ni maskini kuliko mvulana yule. Tukimrudishia fedha, mashine italala wiki nyingine. Mtakuwa mmetenda haki kwa mmoja na kuwatesa wengi." Hatukuwa na jibu jepesi. Tulisema tu kwamba fedha zile hazikuwa zetu kuzigawa. Mtu hawezi kutoa sadaka kwa mali ya mwingine, hata kama sadaka hiyo ni unga wa wajane. Katekisimu, katika namba 2412, inasema wazi kwamba haki iliyovunjwa hudai kurudishwa kwa kilichochukuliwa. Haisemi: itakapokuwa rahisi.

Tulimwuliza fundi bei ambayo yeye mwenyewe angelipa, akijua anachonunua, kwa jozi mpya isiyotoka dukani. Alisema 40,000. Basi tulidaiwa 34,000. Tulirudi sokoni mara mbili bila kumwona mvulana. Mama anayeuza chumvi karibu na mahali pake alituambia kwamba huja Jumamosi tu, siku nyingine yuko shuleni. Jumamosi alipotuona alilivuta debe lake karibu na miguu.

"Yaya, pesa zenu zilikwisha kutumika," alisema. "Siwezi kurudisha."

Alidhani tumekuja kulalamika. Ilituchukua muda kumweleza kwamba aliyekosa si yeye. Alizihesabu zile franka mara mbili, akaziangalia nyuma na mbele kama mtu anayetafuta hila, kisha akatuuliza: "Kwa hiyo babu hakuwahi kuzitumia?" Tukamjibu kwamba hakuzitumia, alikuwa amezitunza. Tukamwonyesha namna ya kutambua beringi mpya na iliyotumika, na namna ya kusoma namba, ili mwingine asimfanyie kama tulivyomfanyia. Mama wa chumvi naye alisikiliza. Hiyo ndiyo siku tuliyopatana bei na mvulana yule. Siku ya kwanza tulikuwa tumemshinda tu.

Kwa muuzaji wa waya tulirudi pia. Alitujibu kwamba tulikuwa na macho. Hatukupata hata franka moja. Mashine ilinyamaza wiki tatu zaidi, tukichanga kidogo kidogo, na akina mama walitembea. Hatuwezi kuwaambia, vijana, kwamba uaminifu ulitulipa. Ulitugharimu, na uliwagharimu wengine pamoja nasi.

Lakini tazameni ni nani waliotutangulia katika gharama hiyo. Tarehe 2 Februari 2023, akiwa Kinshasa, Papa Fransisko alizungumza na vijana na makatekista wa nchi yetu, akawafundisha kwa vidole vya mkono mmoja mambo matano: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, na utumishi. Alipofika kwenye uaminifu alimtaja Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma. Floribert alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa, na mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, mjini Roma. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mtu wa mihuri, magunia na karatasi za forodha. Utakatifu wake ulikuwa katika jambo ambalo kila mwenye kuuza na kununua hukutana nalo: je, niseme kibovu ni kizima? Mzigo wa Floribert ulikuwa mkubwa na wetu ulikuwa beringi mbili, lakini swali ni lilelile.

Siku mbili kabla ya kuzungumza na vijana, tarehe 31 Januari, Papa huyohuyo alikuwa amewaambia wakubwa wa dunia waache kuinyonya Kongo na Afrika, kwamba bara letu si mgodi wa kuchimbwa na kuachwa. Sisi wa Lualaba tulishangilia kuliko wote. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tunaona sasa kwamba maneno mawili ya siku hizo mbili yanakwenda pamoja. Anayedai mzani wa haki bandarini na kiwandani hana budi kuwa nao pia kwenye turubai la vipuri. Tukijenga vijana hodari wa kumponda muuzaji mdogo, kesho tutakuwa na wanunuzi wa madini wenyeji wanaofanya yaleyale tuliyowalaumu wageni.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa vikundi vyetu mambo machache tunayojaribu kuyashika sisi wenyewe. Kabla ya kutaja bei, kipimeni kitu pamoja na muuzaji, kwa uwazi. Zungusheni beringi msikilize sauti yake, sugueni ncha ya waya, ulizeni mzani. Mkitaka bei ishuke, zungumzieni mfuko wenu, msiitukane mali ya mwenzenu. Kusema "sina zaidi ya hizi" ni kweli inayoweza kuaminiwa, na muuzaji mwenye moyo ataisikia. Ulizeni kitu kimetoka wapi. Kebo ya umeme inayouzwa usiku kwa bei ya kutupa imeacha mtaa fulani gizani, pengine pamoja na zahanati yake, na anayeinunua ameshika upande wa pili wa msumeno. Tena msiende peke yenu mahali msipojua. Mchukueni fundi mzee, mlipeni soda na nauli yake, kwa maana ujuzi wake utawazuia kudanganywa, na utu uzima wake utawazuia kudanganya.

Na yeyote aliyekwisha kushinda kwa njia tuliyoshinda sisi, arudi sokoni. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kwenye machozi, alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Sakramenti ya Kitubio inatupatanisha na Mungu, na padri hutuuliza pia kama tumemrudishia mwenzetu. Si busara kusimama kwenye mstari wa kitubio Jumamosi jioni huku mtoto wa debe, aliye umbali wa dakika chache kwa miguu, bado anatudai.

Moteri inazunguka sasa, kwa waya wa shaba na kwa beringi za babu wa mtu. Asubuhi sauti yake husikika hadi barabarani, na akina mama wamerudi na mabeseni yao. Baadhi yao wanajua kwa nini iliwachukua wiki tatu zaidi, na mmoja alituambia waziwazi kwamba hakupendezwa. Tulimwomba radhi. Naye alikubali, lakini akadai asagiwe beseni moja bila ada. Tulibishana naye kidogo, tukapatana nusu.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Ni lini mara ya mwisho tulipokiponda kitu tulichokijua kuwa kizuri, ili tukipate kwa bei ndogo? Muuzaji alikuwa nani, na alikuwa katika hali gani?

2. Ndugu yetu aliyewatetea akina mama wa mabeseni alikuwa na hoja. Kama mngekuwa katika mkutano ule, mngemjibu nini?

3. Katika parokia yetu, ni mafundi wazee wepi wanaoweza kuwafundisha vijana kutambua kipuri kizima na kibovu, na ni nani atakayekwenda kuwaomba?